Kijana Aliyeitwa Joto

Mwaka 1996 kampuni ya DC Comics ya Marekani ilianzisha upya Teen Titans, mfululizo wake wa vitabu vya katuni kuhusu kikosi cha mashujaa vijana, na humo akatokea kijana Mmarekani mweusi aitwaye Isaiah Crockett, mwenye uwezo wa kutoa joto kali mwilini mwake. Jina lake la ushujaa lilikuwa Joto. Ndiyo, hilihili letu, la Kiswahili, limechapwa katika kitabu cha katuni kilichouzwa Marekani kote. Miaka michache baadaye likaondolewa, na leo wengi wanaomjua wanamjua kama Hot Spot.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri, hasa vitabu vya sayansi vya shule, na neno joto nimelishika mkononi kwa miaka mingi. Vitabu vya katuni navyo nimevikusanya tangu nikiwa sekondari. Kwa hiyo huyu kijana amenikalia katikati ya mapenzi yangu mawili, na ninataka nieleze kwa nini naamini jina lake la kwanza ndilo lililomfaa.

Kwanza tumweke mahali pake. Mfululizo ule uliandikwa na kuchorwa na Dan Jurgens, yuleyule aliyekuwa ameandika na kuchora toleo maarufu la kifo cha Superman miaka minne kabla. Aliyetia wino juu ya michoro yake hapo mwanzoni ni George Pérez, ambaye mwaka 1980, akiwa na Marv Wolfman, ndiye aliyewapa Titans sura ambayo wasomaji wanaikumbuka mpaka leo. Ukiangalia nyuso na mandhari za matoleo yale ya mwanzo utaona mkono wa Pérez kila pembe, hasa kwenye vitu vidogovidogo ambavyo mchoraji mwingine angevipitia haraka.

Lakini hakukuwa na Robin, wala Cyborg, wala Starfire, wale Titans waliozoeleka. Jurgens alianza na vijana wapya kabisa: Argent, Risk, Prysm na Joto, ambao wanagundua kwamba wao ni nusu binadamu na nusu viumbe wa sayari nyingine waitwao H'San Natall. Akawaongezea Ray Palmer, shujaa wa zamani wa DC aitwaye Atom, mwanasayansi mtu mzima aliyerudishwa ujanani na mkasa wa hadithi nyingine ya mwaka 1994. Wasomaji wengi walikuja wakiwatafuta Titans waliowazoea na wakakuta wageni. Mfululizo ulifungwa mwaka 1998 baada ya matoleo 24. Ndiyo maana Isaiah hajulikani sana. Hakupewa muda.

Sasa neno lenyewe.

Mtu akikuuliza kijana anayeunguza vitu kwa mikono tumwiteje kwa Kiswahili, jibu la haraka ni Moto. Lina mvuto, linapiga kelele, na lina methali za mapambano: dawa ya moto ni moto. Lakini moto na joto si kitu kimoja, na mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo hata kama hajawahi kuisema. Moto una ndimi. Unawaka, unazimwa, unateketeza nyumba, watu wanauona kutoka mbali wakaitana. Joto halina umbo. Ni la Dar es Salaam mwezi wa Januari, feni inazunguka na shati limegandia mgongoni, na hakuna kinachowaka popote. Mtoto ana joto, unamgusa shingoni ndipo unajua. Wali ukikauka maji, makaa yakawekwa juu ya mfuniko, huoni ndimi za moto lakini kila punje inaiva.

Nikiri kwamba mpaka wenyewe hauko sawa pande zote mbili. Moto huvuka: tunasema maji ya moto, chai ya moto, tunapasha moto kiporo, wala hakuna ndimi ndani ya kikombe. Joto ndilo lisilovuka. Huwezi kusema joto limeteketeza soko, wala huwezi kuwaita zimamoto waje kuzima joto. Moto unaweza kusimama badala ya joto, joto haliwezi kusimama badala ya moto.

Na maneno haya ni ndugu wa damu. Yote yametoka katika mzizi uliomo ndani ya kitenzi kuota, ule wa kuota moto au kuota jua, si ule wa ndoto. Mzizi -oto ukipata m- unakuwa moto, ukipata j- ya ngeli ya jino na jicho unakuwa joto. Wanasayansi wetu walipohitaji istilahi hawakuuendea moto. Wamelichukua joto wakajenga juu yake: kipimajoto, jotoridi, halijoto, jotoardhi. Moto ulibaki kwenye zimamoto na majiko.

Rudi sasa kwa Isaiah. Katika matoleo ya Jurgens yeye kimsingi si kijana anayewaka. Mwili wake unatoa joto, na chuma kinalainika na kuyeyuka mbele yake. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za selsiasi, na hazihitaji mwali wowote ili zifikiwe, zinahitaji joto la kutosha lisilopotea njiani. Mashujaa wa moto wapo tele kwenye katuni za Marekani, wenye nywele za ndimi na mikia ya cheche. Huyu alikuwa kitu kingine, na kati ya lugha zote jina lake likachotwa katika lugha inayotenganisha vitu hivyo viwili kwa neno moja fupi la herufi nne. Mwandishi awe alilenga au alibahatisha, alipata.

Wala jina la Kiswahili kwa kijana mweusi wa Marekani halikushuka kutoka mbinguni. Tangu miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walikichukua Kiswahili kama lugha ya kujitambulisha na Afrika bila kufungwa na kabila moja. Maulana Karenga, msomi na mwanaharakati Mmarekani mweusi, alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya siku saba ya Wamarekani weusi, mwaka 1966, nguzo zake saba alizipa majina ya Kiswahili, na nguzo ya siku ya pili, Desemba 27, ni Kujichagulia, ambayo ndani yake mna haki ya watu kujipa jina wenyewe. Isaiah Crockett aliyejiita Joto ana wazazi na mashangazi wengi katika historia hiyo. Mimi kila nikilisoma jina lile huisikia sauti ya kizazi kizima kilichojifunza salamu zetu bila kuwahi kufika pwani.

Basi kwa nini likaondolewa? Kwa sababu Marekani ina mamilioni ya wasemaji wa Kihispania, na katika Kihispania cha Meksiko joto, linalotamkwa karibu na hoto, ni tusi la kuwadhalilisha wanaume wanaopenda wanaume. Kijana Mmeksiko anayefungua kitabu kile hasomi habari ya hewa ya Januari. Anasoma tusi, tena limepachikwa kama jina la shujaa. Kuna Waswahili ambao wakisikia habari hii wanakasirika, wanasema neno letu limeonewa. Mimi siwaungi mkono. Fikiria neno shoga. Mombasa na Unguja mwanamke humwita rafiki yake wa ndani shoga, na ni neno la mapenzi, lakini mahali pengine neno hilohilo hurushwa kama jiwe. Kama ndani ya lugha moja neno linaweza kuwa na maisha mawili hivyo, itakuwaje kati ya lugha mbili? Waliolibadilisha walikuwa na sababu ya haki, na ningekuwa mezani pao ningekubali.

Ninachokililia ni kilichowekwa badala yake. Jina Hot Spot lilikuja na filamu za katuni za Teen Titans zilizorushwa kuanzia 2003 hadi 2006, ambamo Isaiah alitokea mara ya kwanza mwaka 2004 katika mashindano ya mashujaa vijana, kwa sauti ya mwigizaji Bumper Robinson. Jina ni la Kiingereza cha kawaida, halina ukoo. Leo ukimtajia kijana wa Dar es Salaam atachomoa simu akuwashie intaneti. Na lugha yetu haikuwa imeishiwa. Kulikuwa na Hari, kulikuwa na Fukuto, lile joto zito la kabla ya mvua, jina ambalo shujaa yeyote angejivunia kulivaa. Kuliepuka tusi hakukuhitaji kulitupa jina pamoja na bara lake.

Kilichobadilika pamoja na jina ni mwili. Kwenye filamu zile Isaiah akijiwasha anakuwa mtu wa makaa, ngozi ya machungwa inayong'aa, na anarusha moto. Yaani alipoacha kuitwa Joto akageuka kuwa Moto. Kipindi kimoja cha msimu wa mwisho kinamkuta Marrakech, Moroko, akiwindwa na Madame Rouge, mwovu anayeweza kujigeuza sura ya mtu yeyote. Nilipokitazama nilisimama kidogo hapo. Kijana yule amefika Afrika akiwa ameshavuliwa jina la Kiafrika. Kipindi chenyewe ni kizuri, pengine ndicho kilichompa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu kinamwonyesha akiwa peke yake, mwenye hasira za haraka, asiyejua amwamini nani.

Vitabu vikafuata filamu. Katika mfululizo wa DC uitwao 52, uliotoka kila wiki mwaka 2006 hadi 2007, yumo miongoni mwa vijana waliopita katika kikosi cha Titans, akiitwa Hot Spot.

Ukitaka kumsoma mwenyewe, angalia mwaka na jina la Dan Jurgens kwenye jalada, maana mifululizo iitwayo Teen Titans ni mingi na duka litakupa mwingine. Anza na toleo la kwanza, usiruke, kwa kuwa habari ya H'San Natall hufunguliwa taratibu. Watoto wa kaka yangu nimewasomea matoleo manne ya mwanzo, natafsiri papo hapo huku nimeshika ukurasa. Nikifika kwenye jina lake sina cha kutafsiri.