Kupima Kondoo: Tunayoyaamini na Yalivyo Zizini

"Dume mkubwa ndiye mbegu."

Nitaanza na hii, maana imetugharimu kuliko zote. Tangu miaka ya 1970, wafugaji wengi Kenya wamekuwa wakiwapandisha kondoo wao wekundu wa Kimasai kwa madume ya Dorper, aina iliyotokana na kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi huko Afrika Kusini, miaka ya 1930. Sababu unaiona ukiwa bado nje ya zizi: Dorper ana mwili mpana, anakua haraka, na mnadani wanunuzi wanamzunguka. Kipimo kilichowashawishi watu kilikuwa kilo, basi.

Miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga kondoo wa aina hizo mbili pamoja Diani, pwani ya Kenya, penye joto, unyevu na minyoo tele. Hawakuishia kwenye mizani. Walihesabu mayai ya minyoo katika kila gramu ya kinyesi, wakapima damu, wakaandika kila mwanakondoo aliyekufa. Wanakondoo wa Dorper walikuwa wazito zaidi. Lakini wale wekundu walitoa mayai machache, damu yao haikupungua sana, na walikufa wachache. Ukijumlisha kilo zilizotoka katika kundi zima, mwekundu ndiye aliyemlipa mwenye zizi. Kwenye nyanda kavu, ambako minyoo haisumbui kiasi hicho, tofauti hiyo hupungua, kwa hiyo mfugaji wa Kwale, huko pwani, na wa Kajiado, kwenye ukavu, wasichague dume kwa kigezo kimoja. Inaniuma kwamba tulichanganya damu kwanza, hesabu zikaja baadaye, na sasa kondoo mwekundu halisi anatafutwa kwa tochi.

"Mizani ikishasema, yameisha."

Mizani hupima kondoo pamoja na nyasi na maji aliyobeba tumboni. Nimewahi kumning'iniza jike mmoja jioni, ametoka tu kunywa maji, akaja na kilo 34. Asubuhi, kabla ya kufunguliwa, alikuwa na 31. Hakukonda usiku ule. Ndiyo maana napima asubuhi tu, tumbo halijajaa, kwa mizani ileile.

Tena kilo bila umri hazisemi kitu. Chukua wanakondoo wawili. Wa kwanza alizaliwa na kilo 3.5, na akiwa na siku 80 ana kilo 16. Wa pili alizaliwa na kilo 3, na siku ya 110 ana kilo 18. Ukiwaweka pamoja, macho yatamchagua wa pili. Sasa toa uzito wa kuzaliwa, kisha gawa kwa siku: wa kwanza ameongeza gramu 156 kwa siku, wa pili 136. Wakilinganishwa wakiwa na siku 90, wa kwanza anakaribia kilo 17.6 na mwenzake 15.3. Bila tarehe ya kuzaliwa daftarini, ungemuuza aliye bora.

"Mapacha ni hasara, wanatoka wadogo."

Ni kweli kila pacha huwa mwepesi kuliko aliyezaliwa peke yake. Ila mpime mama. Jike aliyeachisha mapacha wa kilo 13 kila mmoja amekupa kilo 26. Mwenzake mwenye mtoto mmoja wa kilo 17 amekupa 17. Andika kila mwaka kilo alizoachisha kila jike. Ukichagua kwa kutazama ukubwa wa mtoto peke yake, utawatoa majike wenye uzazi bila kujua.

"Unene unaonekana kwa macho."

Sufu hudanganya, na mimba hudanganya zaidi. Weka vidole juu ya uti wa mgongo, nyuma ya ubavu wa mwisho. Mifupa ikichoma kama meno ya kitana, hiyo ni alama ya 1. Ukiikosa kabisa kwa mafuta, ni 5. Kwa kondoo wetu wa mkia mnene, shika na mkia pia, maana akiba kubwa iko huko.

"Tepu ya ng'ombe inatosha."

Haitoshi. Tepu hiyo huzungushwa kifuani kukadiria uzito, na namba zilizochapwa juu yake zilitokana na vipimo vya ng'ombe.

"Siku ya dawa ya minyoo, wote wanywe."

Minyoo huzoea dawa, na wewe unapoteza kipimo cha bure. Kuna kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, yenye rangi tano, kutoka nyekundu (alama ya 1) hadi nyeupe (alama ya 5). Vuta ukope wa chini wa kondoo, juani, ulinganishe rangi ya ndani na ya kadi. Moja na mbili, mwache. Nne na tano, mpe dawa upesi. Inafaa kwa minyoo wanaofyonza damu. Kondoo anayeharisha au kukonda huku macho yake ni mekundu ana tatizo jingine, umwite afisa mifugo.

Kisha andika nani alipewa dawa. Jike wangu mwenye hereni namba 12 ana uzito wa kawaida kabisa, huwezi kumtambua kundini. Lakini kwa misimu miwili ya mvua ukope wake haujawahi kupita alama ya 2, wala wa watoto wake. Dume nitakayemwacha mwakani atatoka kwake.