Afidaviti haimhamishi mtoto: kesi za ulinzi na matunzo Tononoka zinavyokwenda

Karibu kila wiki hufika mezani kwetu hapa Mombasa mtu aliyebeba bahasha ya kaki. Ndani yake mna afidaviti, yaani hati ya kiapo, yenye muhuri wa wakili, na maneno yake hayapishani sana: mimi fulani, mama mzazi wa mtoto fulani, kwa hiari yangu nimempa dada yangu mtoto huyu amlee na sitamdai tena. Aliyeileta huwa ameshalipa pesa zake, na anachotaka kwetu ni tumwongezee muhuri wa pili ili akamchukulie mtoto pasipoti au akamtie shule. Muhuri wa namna hiyo hatuna. Hata kiwanja cha Mishomoroni hakihamishwi kwa afidaviti peke yake, sembuse mtoto.

Watu hawa hawana nia mbaya. Mara nyingi ndio waliobaki na mtoto wakati wengine wote walipomkimbia. Lakini malalamiko nayo yamezidi: mmetunyang'anya mtoto, kesi inazungushwa, hakimu amempendelea shangazi. Mengine yana msingi, na yana mahali pa kupelekwa, kwa msuluhishi wa malalamiko wa Idara ya Mahakama. Mengi, hata hivyo, hutokana na mtu kutojua yuko ndani ya kesi ya aina gani.

Katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka kuna faili za aina mbili ambazo raia huzichanganya. Ya kwanza ni ya madai baina ya wazazi: nani akae na mtoto, nani alipe karo, baba amwone siku zipi. Hapo kuna mdai na mdaiwa. Ya pili ni ya ulinzi na matunzo. Hapo hakuna anayemshtaki mwenzake. Afisa wa watoto au polisi amemleta mtoto mbele ya hakimu kwa kuwa anaonekana hana ulinzi, na swali ni moja tu: aishi wapi, na nani, ili awe salama? Kwa hivyo mzazi anapoingia mahakamani akiwa na mashahidi kumi wa kuthibitisha kwamba mke wa mwenziwe ni mchawi, anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Sheria ya Watoto ya 2022, kifungu cha 144, inawataja watoto wanaohitaji ulinzi na matunzo. Yumo yatima asiye na wa kumtunza, aliyetupwa, anayeombaomba au kulala mtaani, ambaye mzazi wake amefungwa jela, anayeishi katika nyumba ya vipigo, anayeachishwa shule, na aliye hatarini kuozwa au kukeketwa. Umaskini wa wazazi peke yake si kosa, wala si sababu ya kumtoa mtoto nyumbani. Narudia hili kwa sababu kuna majirani wanaopiga simu kuripoti kwamba watoto wa fulani wanakula mara moja kwa siku, wakitarajia gari lije kuwazoa. Nyumba hiyo inahitaji msaada, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo inaweza kuielekeza panapopatikana.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Taarifa inaweza kutoka kwa yeyote: mwalimu, mzee wa mtaa, chifu, jirani, au mtoto mwenyewe. Nambari 116 ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Kila kaunti ndogo ya Mombasa, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, ina ofisi ya watoto, na unakwenda ile ya mahali mtoto anapoishi. Mtu wa Likoni hana haja ya kupanda feri kuja Mvita ati kwa kuwa hapa ndipo mjini. Ikiwa mtoto yuko hatarini hupelekwa mahali salama, kisha faili hufunguliwa mahakamani. Ukishapata nambari ya kesi, iandike mahali usipopapoteza. Usiiandike kwenye simu ambayo utaiuza mwezi ujao. Karani wa masjala hawezi kutafuta faili kwa jina la utani la mtoto.

Baada ya hapo hakimu huagiza ripoti ya afisa wa watoto. Afisa atakuja nyumbani, ataangalia mtoto analala wapi, atazungumza na majirani, shule na jamaa wa pande zote mbili. Wazazi wengi wanaopoteza imani na mahakama walipotea hapa. Walimkimbia afisa, au walimdanganya kwamba wanaishi Nyali huku chumba chenyewe kiko mtaa wa Bangladesh, Jomvu. Chumba kimoja cha mabati hakikuondolei sifa ya uzazi. Uongo ndio unaomfanya afisa aandike kwamba taarifa za mzazi haziaminiki. Na ukiurudia uongo huo mahakamani baada ya kula kiapo, hilo ni kosa la jinai ambalo chini ya Kanuni ya Adhabu linaweza kukufikisha kifungo cha miaka 7.

Tofautisheni pia siku ya kutajwa na siku ya kusikizwa. Siku ya kutajwa hakimu anataka kujua tu kama ripoti imefika na kama kila mtu yupo. Dakika tano, mnapewa tarehe nyingine, mnaondoka. Hiyo siyo kuzungushwa. Siku ya kusikizwa ndiyo ya kusema yenu. Mje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki ikiwa cheti hakijatoka. Kama umri hauna ushahidi wowote, mahakama huagiza daktari aupime. Msije na ukoo mzima: Mahakama ya Watoto hukaa faragha, na shangazi sita watashinda nje kwenye jua bila faida. Mtoto mwenyewe husikilizwa kulingana na umri na ufahamu wake, mara nyingine katika chumba cha hakimu, mbali na macho ya wakubwa. Kumfundisha la kusema usiku wa kuamkia kesi ni jambo linaloonekana waziwazi. Mtoto wa miaka 7 hasemi "nimedhulumiwa kihisia".

Na jambo moja ambalo sielewi linavyoendelea kutokea: picha. Usipige wala kusambaza picha, jina au shule ya mtoto aliye katika kesi, hata katika kikundi cha jamaa cha WhatsApp. Sheria imekataza.

Hakimu akishaona yote, ana njia kadhaa. Anaweza kumrudisha mtoto kwa wazazi chini ya uangalizi wa afisa, kumkabidhi jamaa au mtu mwingine anayefaa, kumweka kwa walezi wa muda, au, pasipo na njia nyingine, kumpeleka katika makao ya watoto. Makao ni ya mwisho. Mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unalenga watoto walelewe katika familia, si katika mabweni. Wale wanaotuomba "mtafutieni nafasi huyu, amenishinda" wamekuja kwa mlango usio wao. Mtoto anayeshinda maskani akitafuna muguka hafungwi kwa sababu babake amechoka. Borstal ya Shimo la Tewa ni ya wavulana waliopatikana na makosa ya jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kabisa kwa sheria ya sasa.

Kwa Waislamu, ambao hapa Mombasa ni wengi, sheria ya 2022 imeitambua kafala: Mwislamu kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi akamlea, naye mtoto akabaki na nasaba yake. Nilifurahi kuiona imeandikwa, kwa sababu familia zetu zimekuwa zikilea hivyo tangu zamani bila karatasi yoyote. Lakini kafala nayo ina taratibu zake, haimalizwi sebuleni. Ama Mahakama ya Kadhi, kazi yake kikatiba ni hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu walioikubali. Talaka ipelekeni huko. Mtoto aliyepigwa hadi akavunjika mkono ni wa ulinzi na matunzo.

Nifike kwenye maslaha. Mtoto anapodhulumiwa kingono na mtu wa ukoo, wazee hukutana, fedha hutajwa, mbuzi huchinjwa, na shauri linaitwa limekwisha. Limekwisha kwa wazee. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haina kipengele cha mbuzi. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Wa 16 na 17, kisichopungua miaka 15. Kumwoza aliye chini ya miaka 18 hakuyafuti hayo, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inamwandalia anayemwoa kifungo cha hadi miaka 5, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Mpelekeni mtoto kwanza hospitali, kabla hajaogeshwa. Makadara, yaani hospitali kuu ya Pwani, kuna kituo cha waathiriwa wa dhuluma hizi. Kisha polisi. Katiba, ibara ya 53, inatanguliza maslahi ya mtoto. Maslaha ya wazee ni neno linalofanana tu.

Limezuka swali jingine, naona limeletwa na video za Marekani. Vijana wa miaka 16 huuliza fomu ya kujitoa kwa wazazi iko wapi. Katika jimbo la California, kijana kuanzia miaka 14 anaweza kuiomba mahakama imtangaze huru, akionyesha kwamba anaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao na anajisimamia kifedha. Kenya haina amri hiyo. Utoto unaisha ukitimiza miaka 18. Kupata mimba hakukufanyi mtu mzima, wala kuoa, wala kubeba magunia Kongowea na kujilipia chumba. Kijana anayeteswa nyumbani asitafute uhuru ambao sheria haijauandika. Aje mwenyewe ofisi ya watoto, bila barua ya mtu, na mahakama inaweza kumkabidhi mtu mwingine anayefaa.

Kinyume chake ndicho wazazi wengi hawakijui. Mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 pakiwa na sababu maalumu, kama ulemavu au masomo yasiyokwisha. Baba anayesema "kijana ametimiza 18, amri ya karo imekufa" asishangilie mapema, na akiwa ana malimbikizo ya miaka ya nyuma, hayo bado ni deni: mshahara unaweza kukatwa, au afungwe jela ya madeni hadi miezi 6. Kwa mama mwenye kijana asiyeweza kujitegemea, ombi la kurefusha wajibu huo liwe na nakala ya amri ya zamani, kitambulisho chako, ripoti ya daktari au barua ya chuo ya mwaka huu, si ya mwaka juzi, na liletwe miezi kadhaa kabla ya siku ya kuzaliwa, kwa sababu ripoti ya afisa nayo inahitaji muda wa kuandikwa.