Nani aliogopwa kuliko Tsari?

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Urusi, na wanafunzi hata na watu wa kijiweni, ni hili: hivi wale Warusi wanapenda kutawaliwa kwa rungu? Anayeuliza huwa ana jibu lake mfukoni. Ni baridi, au ni Wamongolia, au ni kanisa lao, au basi tu ndivyo walivyo. Mimi nafundisha historia ya nchi ile na sijaona majibu ya namna hiyo yakieleza chochote. Yatatuelezaje Novgorod? Ulikuwa mji wa Warusi kama Moscow, lakini raia wake walikutana barazani, wakamkaribisha mwana wa mfalme waliyemtaka na kumfukuza aliyewachosha. Uhuru huo haukufa kwa tabia ya watu. Ulikufa mwaka 1478, Ivan III wa Moscow alipoutwaa mji, akaishusha kengele iliyowaita watu barazani na kwenda nayo kwake.

Ninachokiona kwenye kumbukumbu ni kitu kingine. Karibu kila mara mamlaka ya mtu mmoja yalipoongezeka, palikuwa na kundi lililokubali, tena kwa akili timamu, kwa sababu lilikuwa likiogopa wengine zaidi. (Tarehe za kabla ya 1918 nazitaja kwa kalenda ya zamani ya Kirusi.)

Ivan IV, Tsari (yaani mfalme) wa Urusi, yule wanayemwita Ivan wa Kutisha, aliielewa hofu hiyo vizuri sana. Desemba 1564 alifungasha hazina na sanamu takatifu akaondoka Moscow na familia yake, akaweka makao Aleksandrovskaya Sloboda, nje ya mji. Januari zikafika barua mbili. Ya kwanza ilijaa lawama kwa makabaila na viongozi wa kanisa. Ya pili iliandikwa kwa wafanyabiashara na watu wa kawaida wa mjini: nyinyi sina ugomvi nanyi. Wenye mji wakaingiwa na hofu ya kuachwa mikononi mwa makabaila, wakataka aombwe arudi. Alirudi, kwa sharti kwamba atawaadhibu wasaliti apendavyo bila kuulizwa. Kuanzia 1565 hadi 1572 askari wake wa oprichnina, kikosi maalumu alichokiunda mwenyewe, wenye kichwa cha mbwa na ufagio kwenye tandiko la farasi, walifanya kazi hiyo. Wafanyabiashara wa Novgorod, ambao kwa mujibu wa ile barua hawakuwa na ugomvi na mtu, walichinjwa mwaka 1570.

Lakini tukio ambalo ningependa kila mtu alijue ni la 1730, maana hapo karatasi ya kumfunga mtawala mikono iliandikwa na ikatiwa saini.

Januari mwaka huo kijana Peter II alikufa kwa ndui mjini Moscow, siku iliyopangwa kuwa ya harusi yake. Hakuacha mrithi. Peter Mkuu alikuwa ameweka sheria mwaka 1722 kwamba mtawala amchague mrithi mwenyewe, kisha naye akafa 1725 bila kumtaja mtu, kwa hiyo kila kifo cha ikulu kilikuwa mnada. Safari hii mnada uliendeshwa na Baraza Kuu la Siri, chini ya Dmitry Golitsyn, mzee aliyesoma sana siasa za Ulaya. Wakamchagua Anna Ioannovna, mjane aliyekuwa akiishi Courland, nchi ndogo ya pwani ya Bahari ya Baltiki, wakampelekea masharti. Asiolewe. Asiteue mrithi. Asianze vita wala kufanya amani, asiweke kodi mpya, asigawe mashamba, asimnyang'anye kabaila uhai au mali bila hukumu. Mengi ya hayo asiyafanye bila ridhaa ya Baraza. Akikiuka, atavuliwa taji. Anna akasaini.

Tatizo lilikuwa kwenye majina. Baraza lilikuwa na watu wanane: wanne wa ukoo wa Dolgorukov na wawili wa ukoo wa Golitsyn. Makabaila wadogo, waliokuwa wamejaa Moscow kwa ajili ya ile harusi, walipiga hesabu wakaona wanaondolewa bwana mmoja na kupewa koo mbili. Na hawakukaa kimya. Kwa wiki kadhaa waliandika mapendekezo yao, mamia wakatia saini, wakitaka baraza kubwa zaidi na viongozi wa kuchaguliwa. Hao si watu wanaopenda rungu! Golitsyn angeweza kuwaingiza ndani, ila hakuafikiana nao. Ikabaki hekima ya zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Tarehe 25 Februari walikwenda ikulu wakimwomba Anna awaruhusu wajadili muundo wa serikali. Maofisa wa kikosi cha walinzi wakapaza sauti kwamba hawatakubali malkia wao aamrishwe na mtu. Saa chache baadaye makabaila walewale walirudi na ombi jipya: atawale kwa mamlaka kamili kama mababu zake. Anna akaagiza masharti yaletwe, akayachana mbele yao. Golitsyn alikufa gerezani Shlisselburg mwaka 1737, na akina Dolgorukov kadhaa wakauawa 1739. Wakulima waliofungwa kwenye mashamba ya mabwana hao hawakuulizwa na upande wowote. Wao walisubiri uhuru wao hadi 1861.

Mwaka 1881 hofu ilikuwa ya mabomu. Asubuhi ya tarehe 1 Machi, Alexander II aliukubali mpango wa waziri wake Loris-Melikov wa kuwashirikisha wajumbe wa kuchaguliwa katika kutunga sheria. Siku hiyohiyo wanamapinduzi walimuua Alexander kwa bomu St. Petersburg. Mwanawe akautupa mpango, na mwezi Agosti ikatoka sheria ya muda iliyowapa magavana uwezo wa kufunga magazeti, kuzuia mikutano na kumhamisha mtu bila mahakama. Ya muda, miaka mitatu. Iliongezwa na kuongezwa tena mpaka 1917.

Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin waliotwaa madaraka 1917, nao walilivunja Bunge la Katiba mnamo Januari 1918 baada ya kikao kimoja tu, kwa kuwa walishindwa uchaguzi. Hapo ilikuwa nguvu tupu. Kinachonivutia zaidi ni Machi 1921, mkutano mkuu wa kumi wa chama chao, wakati mabaharia wa Kronstadt, ngome ya wanamaji, wameasi. Wajumbe, wengi wao wabishi hodari, walipiga kura kupiga marufuku makundi ndani ya chama, na kifungu kimoja cha siri kikaruhusu hata mjumbe wa Kamati Kuu afukuzwe. Walidhani wanajilinda na mgawanyiko. Stalin alikitumia kifungu hicho kuwamaliza wapinzani wake. Kwa hesabu aliyoitoa Khrushchev, kiongozi wa chama baada ya Stalin, mwaka 1956, kati ya wajumbe na wajumbe wa akiba 139 wa Kamati Kuu iliyochaguliwa 1934, 98 walikamatwa na kupigwa risasi.

Halafu 1993. Rais Boris Yeltsin alilivunja bunge kwa amri tarehe 21 Septemba, jambo ambalo Mahakama ya Katiba ilisema ni kinyume cha katiba. Tarehe 4 Oktoba vifaru vililipiga mizinga jengo la bunge. Kwa hesabu rasmi, watu zaidi ya 140 walikufa katika ghasia za siku hizo. Kesho yake gazeti la Izvestia lilichapa barua ya waandishi 42, wengi wao watetezi wa uhuru, wakiitaka serikali isilegeze kamba. Waliogopa wakomunisti kurudi, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 12 Desemba ilimpa rais uwezo wa kutoa amri zenye nguvu ya sheria, na wa kulivunja bunge likimkatalia waziri mkuu mara tatu.

Kwa hiyo Putin, alipokabidhiwa nchi tarehe 31 Desemba 1999, kiti alikikuta. Baada ya mauaji ya shule ya Beslan, Septemba 2004, akafuta uchaguzi wa magavana, na sababu iliyotolewa ilikuwa ugaidi. Mwaka 2008 muhula wa rais ukarefushwa hadi miaka sita. Machi 2020 mbunge Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, alisimama bungeni kupendekeza mihula ya Putin ianze kuhesabiwa upya. Bunge likakubali siku hiyohiyo.