"Jeshi la UN" ni jeshi la nani?

Ukisimama Changamwe barabarani utayaona: magari meupe yenye herufi UN ubavuni, yameshushwa Kilindini, yanaelekea bara. Mengi safari yake ni Sudan Kusini. Barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa mkononi, kuna mzee akiyataja husema, "Jeshi la UN hilo." Samahani mzee wangu, Umoja wa Mataifa hauna jeshi. Una idhini ya Baraza la Usalama, na una nchi zinazokubali kutoa vijana wao.

Na askari hao huja kwa njia mbili. Kisa kinachozipambanua vizuri ni cha Timor Mashariki, koloni la zamani la Mreno (yuleyule wa Fort Jesus), lililovamiwa na Indonesia mwaka 1975.

Agosti 30, 1999, wenyeji walipiga kura: wapokee mamlaka ya ndani chini ya Indonesia, au waikatae na wawe huru. Asilimia 78.5 walikataa. UN ndiyo iliyosimamia kura hiyo, lakini polisi wake hawakuwa na silaha. Ulinzi, kwa makubaliano ya Mei 5, uliachiwa Indonesia yenyewe. Fisi kapewa bucha alinde. Matokeo yalipotangazwa Septemba 4, wanamgambo walioungwa mkono na wanajeshi wa Indonesia walichoma Dili, mji mkuu, na miji mingine. Mwaka ule waliuawa zaidi ya watu 1,000, na kama robo milioni wakajikuta Timor Magharibi, upande wa Indonesia, wengine wakiswagwa kwa nguvu.

Septemba 15 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1264, chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa UN, sura inayoruhusu nguvu. Siku tano baadaye kikosi kilichoitwa INTERFET kilikuwa Dili.

Hao hawakuvaa kofia za buluu, zile za walinda amani wa UN. Kiongozi alikuwa Australia, kamanda Jenerali Peter Cosgrove, na kila nchi ilikuja na sare zake na gharama zake; mfuko maalumu, ambao Japan iliuchangia sana, ulizisaidia zisizojimudu. Kenya pia ilipeleka askari. Hiki ndicho kikosi kilichoidhinishwa: UN imetoa ruhusa, amri ni ya wengine. Kofia ya buluu ni mambo mengine: amri inatoka UN, gharama inachangiwa na wanachama wote, na kwa hivyo mipango huchukua miezi. Wengi hudhani tofauti ni kwamba mmoja anapigana na mwingine hapigani. Sivyo, Sura ya Saba yaweza kuwahusu wote wawili.

Jambo moja husahaulika. Kisheria, Sura ya Saba haingoji ridhaa ya serikali ya nchi husika, lakini Australia haikuwa tayari kutia mguu bila hiyo. Rais Habibie wa Indonesia aliridhia Septemba 12, siku tatu baada ya Rais Clinton wa Marekani kusimamisha ushirikiano wa kijeshi na nchi hiyo. Kwa maoni yangu, shinikizo la namna hiyo lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki.

Februari 2000 INTERFET ikakabidhi ulinzi kwa UN. Askari wengi hawakurudi kwao kwanza. Walibaki palepale, wakabadilisha kofia.