Miguu ikivimba, usiseme mtoto amenona

Kuna nyanya aliingia kliniki yetu hapa Kisumu na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, mashavu yamejaa, akaniambia sista huyu nimemleta juu ya kuhara tu, uji anakunywa na kilo zinapanda, ona kadi. Na kweli kadi ilikuwa inapanda. Nikashika miguu yote miwili, nikabonyeza kwa kidole gumba nikihesabu polepole mpaka tatu, nikatoa, na mashimo yakabaki hapo hapo kama umebonyeza unga wa chapati. Hizo kilo zilikuwa maji.

Hiyo ndio kwashiakoo, na miguu yote miwili ikibonyea hivyo ni utapiamlo mkali hata kama mizani inasema mtoto ako sawa. Wengi wanangoja mbavu zihesabike ndio walete mtoto, wengine wanaambiwa ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, wanazunguka kwanza na dawa za miti, na siku zinaenda, inaniuma sana.

Kwa wa miezi 6 mpaka miaka 5 tunapima pia mkono wa kushoto na ile tepu ya rangi, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea, usivute tepu ikabana nyama. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, hapo mpaka 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri, kijani ni kuanzia 12.5, mkono uko sawa. Mhudumu wa afya wa mtaa wako anaweza kukupimia nyumbani.

Kupima peke yake haitoshi, lazima tuulize kwa nini, maana huku kwetu ziwani malaria ni nyingi, na kuna TB, HIV, kuhara kusikoisha, ama mtoto anapewa uji wa mahindi mtupu na omena, wale dagaa wa ziwa, ziko hapo sokoni.

Na tafadhali usikimbilie kumjaza mayai na nyama, mwili wake bado hauwezi. Akikataa kula ama amelegea analazwa, anaanza na maziwa maalum ya F-75 kidogo kidogo mchana na usiku. Mwenye hamu ya kula na hana shida nyingine anatibiwa akitoka nyumbani, na ile pesti maalum ya njugu ya matibabu.

Huyo mjukuu alilazwa. Kilo zikaanza kushuka, nyanya akashtuka, akauliza kwani mnamnyima nini. Nikamwambia abonyeze miguu mwenyewe. Akabonyeza, akahesabu, shimo hakuna.