Injini Imenoki? Sikiliza Kwanza Inagonga Lini

Mzee mmoja anayebeba ndizi kutoka Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kupeleka Mbagala, aliniletea Hilux yake ya dizeli, ile yenye injini ya 5L. Gereji aliyotoka walishamwambia injini imenoki, yaani imekufa ndani: ama ishushwe, ama akatafute ya mtumba Ilala. Alipofika kwangu Tabata hata hakuizima. "Fundi, sikiliza mwenyewe," akasema, akaketi juu ya ndoo ya oili, kofia mkononi, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Nikasikiliza. Ko-ko-ko-ko, mlio mzito, unatoka chini upande wa mbele. Siwezi kuwalaumu sana wale wenzangu, maana beringi iliyokwisha ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), inalia hivyohivyo. Kosa lao lilikuwa moja: waliuliza mlio unatoka wapi, wakaishia hapo.

Injini ni pande la chuma, na chuma kinasafirisha sauti. Kitu kinagonga mbele, wewe unakisikia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana bisibisi ndefu unayoiweka sikioni inasaidia, lakini nimeona watu wameshusha injini nzima kwa ushahidi wa bisibisi peke yake. Mimi naanza na swali jingine: inagonga lini? Mara ngapi kwa mzunguko, ikiwa ya baridi au ya moto, ukipiga resi au ukiachia?

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika, krenki inazunguka mara 12 na ushee kila sekunde. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, inakwenda nusu ya hapo, mara 6 na ushee. Kwa hiyo chochote kinachoendeshwa na kemshafti, yaani valvu na tapeti zake, kinalia nusu mwendo, na nozeli (inayopuliza dizeli ndani ya silinda) moja yenye matatizo vilevile, kwa kuwa kila silinda inapata mafuta mara moja katika mizunguko miwili. Kilichofungwa kwenye krenki yenyewe kinaweza kugonga kila mzunguko. Huhitaji kifaa. Gonga kidole kwenye boneti ukijaribu kuufuata mlio. Ule wa nusu mwendo, ukijitahidi, kidole kinaufikia. Ule wa mwendo mzima kidole kinashindwa. Vijana wangu hucheka nikifanya hivyo, lakini siku hizi nawaona nao wanagonga boneti wakidhani siwaoni.

Kwa mzee wa ndizi kidole changu kilishindwa. Basi si tapeti, si nozeli, ni kitu cha krenki. Mpaka hapo gereji ile ya kwanza bado ilikuwa na haki yake.

Hatua iliyofuata ni kukata silinda moja moja. Kwenye dizeli hizi za zamani unalegeza nati ya bomba la mafuta juu ya nozeli kwa spana namba 17, injini ikiwa inanguruma, silinda hiyo inakosa mafuta na kulala. Kama beringi ya konrodi ya silinda hiyo imekwisha, mlio unapungua au unapotea, kwa sababu mlipuko uliokuwa ukiisukuma pistoni haupo tena. (Usithubutu kufanya hivi kwenye Hilux za komoni reli, yaani za kisasa ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye mgandamizo mkubwa, kama zile zenye injini ya 2KD. Tairi lako lina upepo wa psi 30 hivi. Mle kwenye bomba kuna mgandamizo unaopita psi 14,000. Dizeli ikitoka kwa nguvu hiyo inapenya ngozi, na hapo ni kukimbilia hospitali, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano.)

Nikalaza ya kwanza: kimya hakikuja. Ya pili, vilevile. Ya tatu na ya nne, mlio ulizidi, maana injini ilikuwa inatikisika. Hapo ndipo nilipoanza kutabasamu. Konrodi haifanyi hivyo.

Nikatoa swichi ya oili, nikafunga geji. Presha ilisimama vizuri hata injini ilipopata joto la kutosha. Beringi zikiisha, oili ya moto inapita kirahisi kwenye nafasi iliyotanuka na presha inashuka, hasa sailensi. Nikamwaga oili kidogo kwenye sahani nyeupe, nikaiangalia juani: nyeusi kama kawaida ya dizeli, bila chembe zinazometameta.

Kisha nikatoa mikanda ya mbele na kuwasha kwa nusu dakika tu, kwa sababu bila mkanda pampu ya maji haizunguki. Mlio ukabadilika, ukawa mwepesi, unakuja na kupotea. Na hapa nami nikajidanganya. Nilisema moja kwa moja, "Alteneta!" Kwenye injini hizi pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa alteneta, na ikikosa oili inapiga kelele za ajabu. Niliishusha, nikaizungusha kwa mkono, nikafungua na pampu. Safi kabisa. Saa nzima imekwenda, na mzee bado yuko kwenye ndoo yake.

Ningeshika hesabu yangu mwenyewe nisingepoteza saa hiyo. Puli ya alteneta ni ndogo kuliko ya krenki, kwa hiyo inazunguka kasi zaidi. Mlio wake usingelingana na mzunguko wa krenki. Nikainama, nikaingiza mkono, nikashika puli ya krenki na kuitikisa. Ikacheza. Kuzunguka bolti ya katikati kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, lile linalotokea vyuma viwili vinaposuguana kidogokidogo kwa muda mrefu. Kama ningeleta tochi mapema ningeliona bila kufungua chochote.

Nilimuuliza, "Mzee, mkanda wa taimingi ulibadilisha lini?" Akasema taa yake iliwaka kwenye dashibodi, ile inayowaka kilomita 100,000 zikifika, akaubadilisha barabarani, safarini. Aliyeufunga hakuikaza bolti ya puli inavyotakiwa. Ile kii, kipande kidogo cha chuma kinachoishika puli kwenye krenki, ikabaki inabeba kazi yote peke yake, ikaliwa pande zote mbili. Kila mzunguko puli inakwenda mbele, inarudi nyuma, ko-ko-ko. Na nyuma ya puli ndipo inapokaa gia ndogo ya mkanda wa taimingi. Ulegevu ukihamia pale, valvu na pistoni zinakutana, na hapo maneno ya gereji ya kwanza yangetimia kweli.

Tulikwenda Shaurimoyo kutafuta puli na kii. Mfereji wa kii kwenye krenki ulikuwa umechubuka kidogo, si wa kutupa. Tukafunga, bolti nikaikaza kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa bomba na uzito wa kijana.

Milio mingine sitaichambua sana leo. Ticki-ticki ya asubuhi inayopotea injini ikipata moto, angalia kwanza masizi kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi. Lakini kama mlio ni mzito, unapungua ukilaza silinda moja, na taa ya oili inapepesa ukiwa sailensi, zima hapohapo na uite breakdown, hata kama uko katikati ya foleni ya Mandela.

Mzee nilimwambia arudi baada ya wiki moja nikague bolti. Alirudi baada ya wiki tano, analalamikia breki.