Mnara Mrefu, Bahari Pana: Kwa Nini Redio Nyengine Haikufikii

Wasikilizaji wa Pemba hutuuliza mara kwa mara: iweje stesheni ya Tanga au Mombasa iingie safi siku fulani, na ya Unguja ikwarure? Wengi hudhani mtambo wa Unguja ni dhaifu. Mara nyingi kinachokosekana ni kimo.

Mawimbi ya FM na ya televisheni hayafuati sana mpindo wa dunia. Yakishafika kwenye upeo hupita juu na kwenda zake. Mnara wa mita 100 juu ya bahari hufikisha matangazo kilomita 41 hivi. Msikilizaji akiweka antena mita 10 juu, huongeza kama kilomita 13. Ukizidisha nguvu ya mtambo maradufu, upeo hausogei. Ndiyo maana Tokyo Skytree, uliofunguliwa 2012, ulipandishwa hadi mita 634. Wenye milima hujenga kileleni. Sisi vilima vyetu havifiki hata mita 200.

Siku ambazo bahari imetulia na hewa ya joto imelala juu ya hewa baridi yenye unyevu, mawimbi hunaswa kati ya tabaka hizo na kusafirishwa mbali. Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Upepo ukivuma, hutoweka, wala hakuna fundi wa kulaumiwa.

Mawimbi ya kati na marefu yana mambo mengine: huambaa na ardhi na maji, na mnara wenyewe ndio antena. Wa Konstantynów, Poland, ulikuwa na mita 646 na hakuna uliouzidi duniani, mpaka ulipoanguka tarehe 8 Agosti 1991 wakati mafundi wakibadilisha kamba zake za chuma. Minara mingi ya aina hii husimama juu ya vigae vya kuzuia umeme, chuma chote kikiwa na umeme. Uzio unaozunguka minara hiyo haukuwekwa kwa ajili ya wezi wa shaba peke yao. Mtoto akiugusa mnara anaweza kufa.

Masafa mafupi ndiyo yenye vituko. Huruka angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini mbali kabisa. Matangazo ya mtambo wa Dole, Unguja, kwenye kilohezi 11735 yamewahi kunaswa Ulaya, ilhali kati ya mtambo na pale yanapotua kuna eneo lisilosikia kitu.

Kabla ya kununua redio mpya, basi, pandisha antena nje ya nyumba, ielekeze kwenye mnara unaoutaka, kisha kagua viungo vya waya. Chumvi ya bahari huvila kimya kimya, na kutu kidogo tu hutosha kupoteza stesheni nzima.